Mtu Aliyening'inia Kisimani

Mtu mmoja alikuwa akimkimbia ndovu mwenye ghadhabu. Akaona kisima, akajitupa ndani, akashika matawi mawili yaliyoota ukingoni. Miguu yake ilipopata pa kukanyaga alidhani amenusurika. Akatazama, kumbe amekanyaga vichwa vya nyoka wanne waliochomoza mashimoni mwao. Akatazama chini zaidi: joka limeachama kinywa, lamngoja. Akainua macho: panya wawili, mweusi na mweupe, wanaguguna mashina ya matawi yale bila kupumzika. Hapo ndipo alipouona mzinga wa nyuki karibu na uso wake, na asali ikidondoka. Akaonja, ikawa tamu. Akaendelea kulamba, akamsahau ndovu, akawasahau nyoka, joka na panya, mpaka matawi yakakatika.

Mfano huu umo katika kitabu cha Kalila na Dimna, mwishoni mwa sura inayosimulia maisha ya Burzoy, tabibu wa Kiajemi aliyeishi zama za mfalme Khosrow Anushirwan, yaani kati ya 531 na 579. Umefundishwa na Wahindu, Wajaini, Wabudha, Waislamu, Wayahudi na Wakristo kwa zaidi ya miaka 1,000, na karibu kila aliyeufundisha aliamini kuwa ni mali ya dini yake. Waliouvusha kutoka lugha hadi lugha walikuwa watu wazito: tabibu aliyekata tamaa ya dawa zake, katibu wa serikali aliyeuawa kwa ajili ya kalamu yake, watawa, wachonga mawe, na mwandishi mmoja wa riwaya aliyekuwa karibu kujinyonga. Hao hawakutafuta hadithi ya kupitishia jioni. Walijikuta wenyewe ndani ya kisima, ndiyo maana wakaubeba mfano huo kwa uangalifu mkubwa.

Tuanze na tabibu. Sura ya Burzoy ni miongoni mwa maandishi ya dhati kabisa yaliyobaki kutoka zama hizo. Anasema baba yake alikuwa askari na mama yake alitoka katika ukoo wa makuhani. Alipotimiza miaka saba alitiwa chuoni, baadaye akasomea utabibu. Alipoanza kutibu alijiuliza anachotaka ni nini hasa: mali, starehe, sifa, au thawabu za akhera? Akachagua akhera, akawa anawatibu wagonjwa bila kudai malipo. Lakini kadiri alivyotibu ndivyo moyo wake ulivyozidi kukosa utulivu. Mgonjwa aliyempa nafuu mwaka huu alirudi mwaka ujao na ugonjwa mwingine, na iko siku hakurudi tena. Dawa zote alizozijua zilikuwa za kusogeza siku mbele.

Akaigeukia dini. Huko akakuta makundi mengi, kila moja likisifu njia yake na kukashifu za wengine, na wafuasi wengi wakiwa wamerithi imani kama mtu anavyorithi shamba. Alitaka kuamini, ila aliogopa kuamini lolote aambiwalo. Hapo anasimulia kisa cha mwizi aliyepanda juu ya dari ya tajiri usiku wa mbalamwezi. Tajiri alisikia vishindo, akamnong'oneza mkewe amuulize kwa sauti jinsi alivyochuma mali yake. Akamjibu, naye kwa sauti, kwamba zamani alikuwa mwizi: alikuwa akitamka neno moja la uganga mara saba, kisha akiukumbatia mwanga wa mwezi unaopenya darini na kuteremka nao hadi ndani. Mwizi juu akafurahi. Akatamka neno, akaukumbatia mwanga, akaanguka kichwa chini, na tajiri akamkuta hapo na rungu. Burzoy anasema hakutaka kuwa mwizi huyo.

Uamuzi aliofikia ni wa ajabu kwa mtu wa karne ya 6. Alishika yale ambayo dini zote alizozichunguza zinakubaliana: asiue, asiibe, asiseme uongo, asizini, asimtakie mwenzake mabaya. Kisha akafikiria kuiacha dunia kabisa na kuwa mtawa, akaogopa ugumu wake, akasitasita. Akapitia moja moja taabu za binadamu, kuanzia giza la tumbo la mama, njaa na maradhi ya utotoni, mahangaiko ya kutafuta, hadi uzee. Akajiuliza kwa nini mwenye akili anayajua yote haya na bado hajiandai. Jibu lake ni mfano wa mtu wa kisimani, na baada ya kuusimulia anaufumbua mwenyewe. Kisima ni dunia. Panya ni usiku na mchana, na matawi wanayoyaguguna ni umri. Joka ni mauti. Asali ni utamu mdogo wa kula, kunywa, kusikia, kunusa na kugusa. Nyoka wanne ni yale maji manne ambayo matabibu wa kale waliamini yamo mwilini, damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, ambayo moja likizidi huwa sumu kwa mwenye mwili. Hapo sauti ya mtu aliyekesha vitandani pa wagonjwa inasikika waziwazi.

Inasimuliwa kwamba Burzoy alikwenda India kwa amri ya mfalme. Firdausi, aliyekamilisha utenzi wa Shahnameh mwaka 1010, anasema tabibu huyo alisikia kuwa katika milima ya India huota mmea unaofufua maiti. Akazunguka, akachuma kila jani, maiti wasifufuke. Mwishowe mzee mmoja akamweleza kuwa milima ni elimu, mmea ni maneno ya hekima, na maiti ni wajinga. Dawa aliyoitafuta ni kitabu kilichofungiwa katika hazina ya mfalme wa huko. Burzoy akaruhusiwa kukisoma tu, akawa anakihifadhi moyoni sura kwa sura na kukiandika kwa siri. Iwe yalitokea hivyo au la, kitabu kilifika Uajemi kwa Kipahlavi, yaani Kiajemi cha wakati huo, na kiini chake ni Panchatantra ya Kihindi.

Mtu wa kisimani naye alikuwa India siku nyingi. Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindu, unamweka katika kitabu kinachoitwa cha Wanawake kwa kuwa kimejaa vilio vya wajane na mama waliofiwa. Vita vya Kurukshetra vimekwisha baada ya siku 18. Mfalme Dhritarashtra, kipofu tangu kuzaliwa, amepoteza wana 100. Anayemliwaza ni Vidura, ndugu yake mwenye busara, aliyekuwa amemwonya mapema kuhusu vita hivyo. Vidura hamkumbushi kuwa alimwonya. Anamsimulia habari za Mbrahmani mmoja aliyepotea katika msitu uliozingirwa na wavu, msitu wenye wanyama wakali pande zote, na mwanamke wa kutisha ameukumbatia wote kwa mikono yake. Katika kukimbia huku na huko akatumbukia katika shimo lililofunikwa na mimea inayotambaa, akanaswa humo miguu juu kichwa chini, akining'inia kama fenesi. Chini yake kuna nyoka mkubwa. Juu, mdomoni mwa shimo, amesimama ndovu mwenye nyuso sita na miguu 12. Panya weupe na weusi wanautafuna mti. Nyuki wamejenga hapo, na asali inatiririka, naye anakunywa, wala kiu yake haiishi.

Mfalme kipofu akashindwa kuvumilia. Akamkatiza ndugu yake kwa huruma: maskini mtu huyo, yuko wapi, na ataokolewaje?

Swali hilo ni kiini cha historia yote ya kufundisha kwa mifano. Mtu asiyeweza kuitazama misiba yake mwenyewe ameitazama ya mwingine, akaumia kwa ajili yake, akataka kwenda kumtoa. Akisha kufika hapo ndipo Vidura anapomwambia kwamba msitu ni dunia, wanyama ni maradhi, mwanamke ni uzee uharibuo sura, nyuso sita za ndovu ni majira ya mwaka na miguu yake 12 ni miezi. Nabii Nathani alifanya vivyo hivyo mbele ya mfalme Daudi, kama inavyosimuliwa katika kitabu cha pili cha Samweli. Alimweleza habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na Daudi akaghadhibika na kutoa hukumu kali, kabla hajaambiwa kuwa tajiri huyo ni yeye. Mahubiri ya kawaida yangemkuta mfalme akiwa na majibu tayari. Mfano ulimkuta akiwa hakimu.

Wabudha nao walikuwa na mtu huyu wa kisimani. Yijing, mtawa wa Kichina aliyeishi India miaka mingi na kufariki mwaka 713, alikipeleka kisa hicho China kwa tafsiri yake, na humo nyoka wanne ni ardhi, maji, moto na upepo, yaani vitu vilivyouunda mwili. Ufunguo hubadilika kila mpakani, picha hubaki karibu ile ile.

Kutoka Kipahlavi kitabu cha Burzoy kiliingia Kiarabu kwa mkono wa Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyezaliwa kwa jina la Ruzbih, akalelewa miongoni mwa wakuu wa utawala na kusilimu akiwa mtu mzima. Alikuwa katibu, na Kiarabu chake cha Kalila na Dimna kikawa kigezo cha nathari kwa karne nyingi. Kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Abdallah bin Ali, ami yake Khalifa al-Mansur, aliasi akashindwa, na Ibn al-Muqaffa akaagizwa kuandika hati ya kumhakikishia usalama. Aliiandika kwa namna ambayo khalifa hakuachiwa upenyo: akivunja ahadi, wakeze wameachika, watumwa wake wako huru, na Waislamu wamefunguliwa kiapo chao kwake. Al-Mansur alikasirika. Gavana wa Basra, Sufyan bin Muawiya, aliyekuwa na kisasi chake binafsi, akamshika katibu huyo katika miaka ya 750. Wanahistoria wa zamani wanasema alikatwa viungo, navyo vikatupwa katika tanuri likiwaka.

Karibu miaka 270 baadaye mtu mmoja aliisoma sura ya Burzoy kwa jicho la mashaka. Al-Biruni, mwanachuoni aliyejifunza Kisanskriti na kumaliza kitabu chake juu ya India mnamo 1030, aliandika kwamba Ibn al-Muqaffa aliongeza sura hiyo yeye mwenyewe ili kuwatia shaka wenye imani dhaifu na kuwavuta kwenye dini ya Mani. Wataalamu wa leo hawakubaliani kuhusu sehemu ipi ni ya Burzoy na ipi ni ya mfasiri. Shutuma yenyewe, hata hivyo, inaonyesha jinsi al-Biruni alivyoifahamu nguvu ya mfano. Mahubiri ya dini ngeni huzuiwa mlangoni. Habari za mtu na panya wawili hukaribishwa sebuleni, watoto wakazisikiliza, na wakubwa wakabaki wakizitafakari baada ya taa kuzimwa.

Mlango wa pili ulifunguliwa kwa Kiarabu hicho hicho. Baghdad ya Waabbasi ilikuwa na kitabu cha Bilawhar na Yudasaf, ambacho Ibn al-Nadim amekitaja katika orodha yake ya vitabu aliyoiandika karibu na 987. Yudasaf ni mwana wa mfalme wa India. Baba yake amemfungia katika jumba zuri asije akaona ugonjwa, uzee wala kifo, kwa kuwa imetabiriwa kuwa ataiacha dunia. Kila anayeyajua maisha ya Buddha atamtambua kijana huyo, na jina lake pia ni la Kibudha, Bodhisattva, lililobadilika kwa sababu herufi mbili za Kiarabu hutofautiana kwa nukta tu. Bilawhar ni mtawa kutoka Sarandib, yaani Ceylon. Hawezi kuingia jumbani kama mwalimu, basi anajifanya mfanyabiashara mwenye kito cha thamani ambacho hakionekani ila kwa mwenye macho mazima na moyo safi. Akisha kuingia, kito chenyewe ni maneno, na maneno yenyewe karibu yote ni mifano. Ndani yake yumo mtu wa kisimani.

Waislamu walikipenda kitabu hicho. Ibn Babawayh, mwanachuoni mkubwa wa Kishia aliyefariki mwaka 991, alikiingiza katika kitabu chake kuhusu imamu aliyeghibu. Wayahudi walikipata kwa Kiebrania kutoka kwa Abraham ibn Hasdai wa Barcelona, katika karne ya 13. Wakristo walikipata mapema zaidi, kupitia watawa wa Georgia. Hao ndio waliomfanya Yudasaf kuwa mwana wa mfalme aliyebatizwa, na kutoka lugha yao kisa kikaingia Kigiriki. Wataalamu wengi wanaihusisha tafsiri hiyo na Euthymius, abati wa monasteri ya Iviron katika Mlima Athos, aliyefariki mwaka 1028. Kwa Kigiriki majina yakawa Barlaam na Ioasaph. Ndovu akageuka mnyama wa pembe moja, naye akawa mauti inayomfukuza mwanadamu. Joka likawa kinywa cha jehanamu. Nyoka wanne wakabaki nyoka wanne, na panya wakaendelea na kazi yao.

Tafsiri ya kwanza ya Kilatini ilifanywa Konstantinopoli mwaka 1048. Jacobus de Voragine alipoandika mkusanyiko wake wa maisha ya watakatifu katika karne ya 13, alimtia Barlaam humo, na mkusanyiko huo ulinakiliwa pande zote za Ulaya.

Wasiojua kusoma waliupata kwa macho. Mjini Parma, kaskazini mwa Italia, kuna jengo la ubatizo lililoanzwa mwaka 1196 chini ya mchonga mawe Benedetto Antelami. Anayeingia kwa mlango wa kusini hupita chini ya jiwe lenye umbo la nusu duara. Katikati yake kuna mti, na juu ya mti kijana ameuelekea mzinga wa asali, hana habari ya kitu kingine. Shinani wanyama wawili wanaguguna. Chini kabisa joka linatema moto kuelekea juu. Ubavuni mwa mti Antelami ameongeza vitu ambavyo Burzoy hakuviweka, jua na mwezi katika magari yao ya kukokotwa, upande huu mchana na upande huu usiku. Wazazi waliobeba watoto wao kwenda kubatizwa walipita chini ya jiwe hilo. Kumpitisha mtoto wa siku chache chini ya panya wale na joka lile, ukielekea naye kwenye maji yaliyoaminiwa kumpa uzima usio na mwisho, ni fundisho ambalo padri hakuhitaji kulieleza.

Barlaam na mwanafunzi wake wakaheshimiwa kama watakatifu wa kweli, na Roma ikawaandika katika orodha yake rasmi, siku yao ikiwa 27 Novemba. Mwaka 1571 mtawala wa Venice alimzawadia mfalme Sebastian wa Ureno mfupa ulioaminiwa kuwa wa Mtakatifu Josaphat. Kwa hiyo Buddha, bila waumini kujua, alikuwa akiombwa dua makanisani. Wapo waliohisi jambo. Marco Polo, aliyesikia habari za Buddha huko Ceylon, aliandika kuwa kama angekuwa Mkristo angekuwa mtakatifu mkubwa. Diogo do Couto, mwandishi wa historia ya Wareno wa India, aliuona mfanano huo mwanzoni mwa karne ya 17. Uthibitisho wa kitaaluma ulikuja na Édouard Laboulaye mwaka 1859 na Felix Liebrecht mwaka 1860, na baadhi ya waandishi wa zama hizo wakalicheka Kanisa kwa kudanganyika.

Kicheko hicho hakikuwa na haki. Watawa wa Georgia na Athos waliletewa picha ya mtu aliyeacha ufalme kwa sababu aliona mauti, wakamtambua kuwa ni mtu wa Mungu. Walikosea jina na nchi. Kuhusu uzito wa alichokitenda, sioni kwamba walikosea.

Afrika ya Mashariki pia imo katika safari hii. Enbaqom alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka Yemen aliyeingia Ethiopia, akabatizwa, akawa mtawa wa Debre Libanos na hatimaye mkuu wa monasteri hiyo, mgeni wa kwanza kupewa cheo hicho. Alipitia vita vya Imamu Ahmad Gragn, na mwaka 1540 alimwandikia imamu huyo kitabu cha kuutetea Ukristo, huku akitoa hoja zake katika Kurani aliyoisoma tangu utotoni. Mwaka 1553, vita vikiwa vimekwisha na nchi ikiwa imejaa makanisa yaliyochomwa, alikitafsiri kisa cha Baralam na Yewasef kutoka Kiarabu kwenda Kigeez kwa ajili ya mfalme Galawdewos. Mtu aliyeishi dini mbili ndiye aliyeuingiza Ethiopia mfano uliokuwa umekwisha kupita katika dini nyingi.

Pwani yetu ilipata ngano chache kutoka kisima hicho hicho cha maandishi. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 ngano alizozikusanya kwa wenyeji. Mojawapo ni ya kima na papa, na ndani yake kima anasimulia habari za punda wa dobi asiyekuwa na moyo wala masikio. Visa vyote viwili vimo katika Panchatantra na Kalila na Dimna. Huko India rafiki msaliti ni mamba, kwa Kiarabu ni kasa, na Unguja, palipo na bahari mlangoni, akawa papa. Watu waliomsimulia Steere hawakuwa na haja ya kujua kuwa mabibi na mababu zao walipokezana habari zilizopita mikononi mwa Burzoy na Ibn al-Muqaffa.

Pate ilikuwa imesema la kwake kabla ya hapo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa 19, aliuona mji wake ukififia, akatunga Al-Inkishafi ili kuusuta moyo wake ulioshikamana na dunia. Kabla hajafika kwenye majumba yaliyogeuka magofu, ambayo ndiyo yanayokumbukwa zaidi, anaifananisha dunia na kisima chenye ndama mkali kando yake: kila asogeaye hupigwa pembe, asipate kunywa maji. Hakuna sababu ya kudai kwamba mshairi alikopa kutoka kwa Burzoy. Lakini kisima, mnyama mwenye kudhuru ukingoni, na mtu mwenye kiu visivyoachana hata Pate vinaonyesha jinsi walimu wa kiroho, wakitaka kuisema dunia, wanavyorejea mahali pamoja pasipo kuagana.

Uzito kamili wa mfano huu katika zama za karibu ulimwangukia Lev Tolstoy. Mwaka 1879 alikuwa na miaka zaidi ya 50, ana shamba kubwa la Yasnaya Polyana, mke, watoto na jina lililovuma Ulaya nzima kwa Vita na Amani na Anna Karenina. Na alikuwa akiificha kamba asije akajitundika kwenye boriti ya chumba alichokuwa akivulia nguo kila jioni. Aliacha kwenda kuwinda, kwa kuwa bunduki ilikuwa njia rahisi mno. Katika kitabu chake cha Maungamo alisema mfano wa zamani wa Mashariki unayaeleza maisha yake, akasimulia habari za msafiri na kisima. Matone yake mawili ya asali, alisema, yalikuwa upendo kwa familia na upendo kwa uandishi. Alikuwa ameyalamba kwa miaka mingi. Sasa aliwaona panya na joka, na asali haikuwa tamu tena. Akasisitiza kuwa kwake huo haukuwa mfano, ulikuwa ukweli mtupu usiobishaniwa.

Mabadiliko aliyoyafanya ni madogo, nayo ni makubwa. Burzoy, Vidura na Barlaam humweleza msikilizaji kuwa wewe ndiwe mtu huyo. Tolstoy anasema ni mimi, na hamhubirii yeyote. Wakaguzi wa serikali walizuia kitabu hicho kisichapishwe Urusi mwaka 1882, kikatoka Geneva mwaka 1884. Humo anaeleza pia jinsi alivyojongea imani ya wakulima wasiosoma, na jinsi alivyosoma visa vya watakatifu walivyovipenda. Katika vile vilivyomfunulia maana ya maisha anataja habari za mwana wa mfalme Ioasaph, ambazo tayari alijua kuwa ni za Buddha, na maneno kuhusu msafiri kisimani. Mfano uliomweleza maradhi yake ulikuwa pia kwenye rafu ya dawa.

Wakili mmoja kijana kutoka Gujarat alikisoma kitabu kingine cha Tolstoy huko Afrika Kusini mwaka 1894, kikamtikisa. Mwaka 1910, karibu na Johannesburg, Mohandas Gandhi alianzisha makazi ya pamoja akayaita Shamba la Tolstoy. Mwanachuoni wa dini Wilfred Cantwell Smith aliitumia njia hii yote, kutoka India hadi Urusi na kurudi kwa Mhindi, katika kitabu alichochapisha mwaka 1981, kuonyesha kwamba historia za dini zimeshonwa pamoja kuliko waumini wanavyodhani.

Gujarat yenyewe haikuwahi kuusahau mfano huu. Wajaini wameusimulia kwa karne nyingi chini ya jina la tone la asali, na Hemachandra, mwanachuoni wao mkuu wa karne ya 12, aliuandika akauliza kama mtu huyo angekubali kutolewa iwapo kiumbe wa mbinguni angemjia. Wachoraji wao wakalijibu swali kwa picha: chombo kinaelea hewani, aliyemo amenyoosha mkono, na mtu mtini anasema asubiriwe, tone moja tu bado. Kutoka Gujarat hiyo hiyo Wajaini walianza kuhamia Kenya mwishoni mwa karne ya 19, wengi wao wakiwa wa jamii ya Oshwal, na mwaka 1963 walifungua hekalu lao la marumaru mjini Mombasa. Kisa kilichohitaji Uajemi, Baghdad, Georgia na Yemen ili kifike Ethiopia kilivuka bahari pamoja nao kwa njia ya moja kwa moja, katika mafundisho ambayo watoto wao waliyapata nyumbani.